Kabla ya kuchagua shangingi, chagua yadi

Mjomba wangu alinunua Range Rover yake kwenye yadi yenye kahawa. Naanzia hapo kwa sababu hata yeye mwenyewe, hadi leo, akisimulia kisa hicho huanza na kahawa: mashine inayosaga yenyewe, kikombe cheupe, binti mpole aliyemwamkia "shikamoo" kabla hajavuka mlango. Gari lilikuwa jeusi, limesimama juu ya vigae vinavyong'aa kama vimemwagiwa maji. Akalizunguka mara mbili, akaketi ndani, akanusa ngozi ya viti, akanipigia simu: "Mpwa, hili ndilo." Siku ya nne baada ya kulipeleka nyumbani Kimara aliamka akakuta kona ya mbele kushoto imelala chini kama ngamia aliyepiga goti. Springi ya hewa ilikuwa inavuja. Kule yadini vijana walikuwa wakiliwasha kila asubuhi kabla wateja hawajafika, linajaza hewa, linasimama sawa, basi.

Kila gari la mtumba lina kasoro, hilo tusidanganyane. Kilichomponza mjomba ni muuzaji aliyeijua kasoro akaificha, na dalili za muuzaji yule zilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Alikataa fundi wetu asifungue boneti mpaka tulipe kishika uchumba, yaani malipo ya awali. Karatasi za gari alisema ziko kwa mwanasheria. Sisi tulikuwa tunatazama rimu.

Tangu hapo nimefuatana na ndugu na marafiki kununua magari ya bei mbaya mara kadhaa hapa Dar es Salaam, na utaratibu wangu umegeuka: natafuta kwanza muuzaji, gari linafuata. Ninampima kwa kitu kimoja, yaani anakubali nifanye nini kabla sijatoa shilingi. Hatua zenyewe ni hizi.

Hatua ya 1: Jua unayezungumza naye ni nani

Magari ya kifahari mjini hapa unayapata kwa milango minne.

Kuna wakala rasmi wa kiwanda: Toyota Tanzania kwa mashangingi mapya, na wengine kwa chapa nyingine. Hapo unapata gari jipya na dhamana ya kiwanda, na bei inayokutoa jasho kwenye kiyoyozi. Hata kama huna nia ya kununua kwao, nenda uulize bei ya spea tatu nne za gari unaloliwazia. Bei ya springi moja ya hewa au taa moja ya mbele itakusaidia kuamua kama gari hilo ni la mfuko wako.

Mlango wa pili ni kuagiza mwenyewe kupitia kampuni za Japani zenye ofisi hapa, kama BE FORWARD na SBT, au kupitia mtu anayeleta kutoka Uingereza. Ni nafuu kidogo, ila unanunua picha, kisha unasubiri meli mwezi au mwezi na nusu.

Wa tatu ni dalali. Dalali hana gari. Ana picha za gari. Tangazo lake unalijua kwa moyo: "Gari kali sana, full document, mwenyewe anasafiri, unaweka mafuta tu unaondoka, maongezi yapo." Juu ya bei ya mwenye gari ameshaweka cha juu chake. Simchukii dalali, naye anatafuta ridhiki, na wapo waaminifu. Lakini kwa kitu cha milioni mia na zaidi, usipoonana na mwenye mali ana kwa ana, rudi nyumbani.

Wa nne ni yadi, na hapo ndipo wengi wetu tunaishia, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu yadi. Swali la kwanza kuuliza ukifika, kabla hujauliza bei, ni hili: "Hili gari ni la yadi, au ni la mtu?" Watu wengi hawajui kwamba magari mengi unayoyaona kwenye baadhi ya yadi yameegeshwa tu na wenyewe ili yauzwe kwa kamisheni. Hakuna ubaya, mradi uambiwe. Gari la mtu likileta matata, yadi itakwambia "sisi tulikuwa tunakusaidia tu." Muuzaji anayejibu swali hilo bila kujikanyaga, na kukupa jina la kampuni litakaloandikwa kwenye mkataba, amepata alama ya kwanza. Jina hilo litafute kwenye mfumo wa BRELA, wanaosajili kampuni na majina ya biashara, jioni hiyohiyo. Yadi yenye bango kubwa ambayo haijasajiliwa kwa jina la kwenye bango si jambo geni.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya ushuru ukiwa bado nyumbani

Hatua hii watu huiruka kwa sababu inanuka darasa la hesabu. Mimi naona ndiyo inayomtenganisha mnunuzi na mtalii.

TRA wana kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yao. Unaingiza aina, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi linakotoka, mafuta na ujazo wa injini, nacho kinakupa thamani wanayoitambua wao na kodi zote. Thamani hiyo hutoka kwenye kumbukumbu zao wenyewe, kwa hiyo risiti ya bei ya kutupwa kutoka Japani haimsaidii mtu.

Tuchukue mfano wa gari la kutembelea la petroli la lita 4.6, umri miaka 9, ambalo TRA wanalithamini dola 30,000 hadi bandarini. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 7,500, jumla inakuwa 37,500. Ushuru wa bidhaa kwa injini iliyozidi cc 2,000 ni asilimia 10 ya hiyo jumla, 3,750. Halafu kuna ushuru wa uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 hupigwa asilimia 15 nyingine, 5,625. VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya vyote hivyo, kama 8,440. Kodi peke yake zimefika takriban dola 25,300, na hapo hujagusa tozo ndogondogo kama ile ya reli, wala gharama za bandari na wakala wa forodha. Gari la 30,000 limekuwa la 55,000 na ushee kabla halijaona lami.

Sasa sogeza umri. Likivuka miaka 10, ule uchakavu unaruka kutoka asilimia 15 hadi 30, na kodi za gari lilelile zinafika karibu 32,000, yaani kodi imeipita bei ya gari. Ukiliona pengo hilo utaelewa kwa nini mwaka wa kutengenezwa ni kitu ambacho watu hujaribiwa kukichezea, na kwa nini muuzaji mwingine hukutajia mwaka lilipoandikishwa mara ya kwanza huko lilikotoka badala ya mwaka lilipotoka kiwandani. Viwango hubadilika na bajeti kila Juni, kwa hiyo amini kikokotoo cha siku hiyo kuliko mfano wangu.

Ukiwa na namba hizo mfukoni, bei ya yadi inaanza kuongea. Gari lililotoka bandarini juzi likiuzwa chini ya gharama ya kulileta, uliza kwa upole: "Mmewezaje?" Wakati mwingine jibu ni la heri: limekaa muda mrefu, wanataka kuzungusha fedha, au ni namba D (herufi ya usajili wa hapa), limeshatumika hapa miaka kadhaa, kwa hiyo limeshuka thamani kihalali. Wakati mwingine jibu ni kicheko na kupigwa bega. Kicheko si jibu.

Jambo moja la pembeni: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa biashara ya humu ndani. Yadi inayokuandikia bei ya mauzo kwa dola imekuonyesha inavyozichukulia sheria, na kadi yako itapitia mikono hiyohiyo. Mimi nimetumia dola hapo juu kwa sababu gari hununuliwa huko kwa dola.

Hatua ya 3: Nenda bila kupiga hodi

Usipige simu kuweka miadi. Ukipiga, gari litawashwa, litaoshwa, litapuliziwa manukato. Nenda siku ya kazi, saa 1 na nusu asubuhi, wakati vijana bado wanafungua geti na kumwagilia vumbi.

Mwaka juzi nilifika hivyo kwenye yadi moja isiyo na vigae wala vioo, kokoto tupu chini ya mwembe. Kijana akaja mbio akijifuta mikono.

"Karibu, kaka. Ungetupigia tukuandalie."

"Ndiyo maana sikupiga, mdogo wangu."

Akacheka. Nikaweka kiganja kwenye boneti ya Land Cruiser V8 niliyokuja kuiona. Ilikuwa ya baridi, umande bado upo. Nikamwomba aiwashe. Nikasimama nyuma kuangalia moshi: wa bluu ni oili, mweusi mzito kwenye dizeli ni mambo mengine. Haukutoka wa kutisha. Halafu, bila kuulizwa, akafungua boneti akaelekeza kidole: "Ila kaka nisikufiche, hapa kwenye kava kuna oili inatoka kidogo. Bosi anajua." Nitarudi kwenye yadi hiyo.

Injini ikiwa ya baridi ndipo gari linaposema kweli. Milio ya mnyororo, mtetemo, springi za hewa zilizolala usiku, yote hupotea baada ya dakika 10 za kuwashwa. Yadi inayokwambia "rudi mchana, sasa hivi funguo hazipo" kila unapofika asubuhi, iache.

Ukiwa hapo, angalia vitu vichache ambavyo havihitaji ufundi. Soma tarakimu 4 zilizochapwa ubavuni mwa tairi: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Yadi inayovalisha Range Rover Vogue matairi manne ya kampuni nne tofauti inabania pesa hata pale macho yanapofika, sembuse yasipofika. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa. Gari lililozama mafuriko huwa na mstari wa tope au ukungu kwenye ile sehemu ya mkanda isiyotokaga nje. Inua zulia la buti, weka pua. Tazama bolti zinazoshika boneti na mabawa ya mbele: rangi yake ikiwa imechubuka kwenye kingo, spana imepita.

Hatua ya 4: Dai historia ya gari huko lilikotoka

Yadi karibu zote zitakwambia gari "halijawahi kupata ajali." Usibishane. Omba karatasi.

Kwa gari la Japani, omba vitu viwili: karatasi ya mnada na cheti cha kulitoa gari nje ya nchi. Karatasi ya mnada ina alama ya jumla juu, 4.5 au 4 ni gari zuri, 3.5 lina mikwaruzo yake, na herufi R au RA ni gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa. R si lazima likukimbize, ila bei yake haiwezi kuwa ya 4.5. Chini kuna mchoro wa gari uliojaa herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa ikabaki na mawimbi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Hata usiyejua Kijapani utayasoma hayo. Cheti cha kutoa gari nje huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serikali ya kule, ukaguzi ambao gari binafsi hufanyiwa likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Dashibodi ikisema 68,000 na cheti kikisema 140,000, mazungumzo yameisha, na si kwa gari hilo tu. Toka kwenye yadi hiyo. Aliyekata kilomita za moja hajaacha za jirani yake.

Muuzaji akisema karatasi ya mnada imepotea, chukua namba ya chesisi. Zipo huduma mtandaoni zinazoitafuta karatasi hiyo kwa chesisi kwa dola chache. Kwa kitu cha milioni mia na hamsini, dola chache ni nauli.

Kwa gari la Uingereza, na Range Rover nyingi za hapa zinatoka huko, kazi ni rahisi zaidi ukipata namba yake ya kule. Serikali ya Uingereza imeweka mtandaoni, bure, matokeo ya ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT: unaandika namba tu, unaona kilomita za kila ukaguzi (kwa maili, zidisha kwa 1.6) na maneno ya mkaguzi mwenyewe. "Oili inavuja", "kutu kwenye mabomba ya breki", yote yapo. Gari hukaguliwa mara ya kwanza likifika miaka 3, kwa hiyo la miaka 9 litakuwa na kumbukumbu kadhaa. Kisha lipia ripoti ya kampuni binafsi uone kama bima walishalifuta, yaani waliona halifai kugharimiwa matengenezo. Tangu Oktoba 2017 magari yaliyofutwa na yanayoweza kutengenezwa wanayaita S, yaani umbo lake la kubeba limeumia, au N, yaani halikuumia hapo. Ripoti hiyohiyo huonyesha kama gari liliripotiwa kuibwa. Range Rover zimeandamwa na wezi kule kiasi kwamba wenye nazo walipata shida hata kupata bima, kwa hiyo usilichukulie swali hilo kuwa la kumtukana muuzaji.

Muuzaji mzuri ana karatasi hizi kwenye faili, na hukupa nakala kabla hujamaliza sentensi. Anayejua alilipa fedha nyingi kwa gari safi huwa na hamu ya kulionyesha. Anayesema "kaka, wewe unanunua gari au unanunua karatasi?" amekujibu.

Hatua ya 5: Fundi awe wako, na awe wa gari hilo

Fundi wako wa Corolla, hata awe mtu wa swala tano, si fundi wa Range Rover. Tafuta anayeshughulika na chapa hiyo kila siku na mwenye mashine ya kupimia chapa hiyo. Mlipe yeye, umlete wewe, na asiwe "rafiki wa yadi."

Mwambie aangalie mambo mawili zaidi ya kusoma makosa. La kwanza: kompyuta ya gari ina vipimo vya ndani ambavyo hukamilika baada ya siku kadhaa za kuendeshwa. Vikikutwa vyote havijakamilika, huenda kuna mtu amefuta makosa juzi au jana ili taa ya injini izime. La pili: kwenye BMW, Benzi na Land Rover, kilomita huhifadhiwa sehemu zaidi ya moja. Aliyezirudisha kwenye dashibodi mara nyingi husahau kwingine.

Kila gari lina ugonjwa wake wa ukoo. Range Rover ya dizeli ya lita 3.0 ina sifa mbaya ya kula beringi za krankishafti, kwa hiyo kumbukumbu za kubadilisha oili kwake ni uhai. BMW za V8 ya lita 4.4, zile za mwanzo, hunywa oili kama zimekatwa koo. Lexus LX 570 hupanda na kushuka kwa haidroliki, na mfumo huo ukichoka utajua kwenye matuta. Land Cruiser 200 ni ngumu, lakini ugumu wake ndio unaowafanya watu waitese.

Kwa lolote lenye springi za hewa, nina ujanja wa bei ya buku. Nenda na futi ya fundi cherehani. Gari likiwa limewashwa, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, kona zote nne, andika. Zima. Omba lisiwashwe mpaka kesho asubuhi. Rudi upime tena. Kona iliyoshuka vidole viwili inavuja. Yadi inayokubali jambo hilo dogo la kulala na gari bila kuliwasha haina mengi ya kuficha. Ile ya mjomba isingekubali.

Kuendesha kwenyewe usikubali mzunguko wa mtaa mmoja. Peleka gari kwenye foleni ya Mwenge saa 11 jioni, kiyoyozi kikiwa mwisho, dakika 40, ukitazama mshale wa joto. Kisha matuta. Kisha mahali penye nafasi ulikanyage mara moja, uone giaboksi inavyobadilisha.

Hatua ya 6: Kadi, chesisi, na mambo ya IT (magari ya transiti)

Namba ya chesisi iwe moja kwenye kadi, kwenye kibati, na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Kwa Land Cruiser angalia fremu karibu na tairi la mbele kulia. Kwa Range Rover utaiona pia kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele. Chuma kilichochomelewa au kusagwa hapo, wahusishe polisi. Wanao watu wa Interpol wanaoweza kuangalia kama gari linatafutwa.

Nenda TRA na nakala ya kadi uhakikishe jina, na kwamba hakuna kodi inayodaiwa. Mashangingi mengi yaliingia nchini kwa msamaha wa kodi, ya balozi, ya miradi, ya mashirika, na msamaha hauhami na gari: akinunua mtu asiyestahili, kodi inalipwa. Kuna pia magari ya IT yaliyopita hapa yakielekea Kongo au Zambia, ambayo hayakufika. Yakikamatwa, wewe uliye nyuma ya usukani ndiye unayeshuka.

Kadi halisi iwepo. "Iko benki" mara nyingi ni ukweli mtupu: gari lina mkopo. Basi benki nayo ikae mezani siku ya kulipa.

Halafu ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini wa polisi wa usalama barabarani. Deni lenyewe si hoja kubwa. Soma mahali faini zilipoandikwa. Niliwahi kuambiwa V8 moja "ni ya mama mmoja wa Masaki, inaenda kanisani tu." Faini zake ambazo hazijalipwa zilikuwa za mwendo kasi, zimetapakaa barabara ya Dodoma.

Hatua ya 7: Fedha

Kishika uchumba kiwe kidogo, na kiandikwe: kinarudi lini, kwa sababu zipi, na kwamba ukaguzi wa fundi wako na majibu ya TRA ni miongoni mwa sababu hizo. Mkataba upite kwa wakili unayemchagua wewe, uandike bei halisi. Utaombwa kuandika bei ndogo ili ushuru wa stempu upungue. Siku ukitaka kurudishiwa fedha zako, utarudishiwa zilizoandikwa.

Lipa kwenye akaunti ya kampuni, jina lifanane na la kwenye mkataba, na uondoke na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Usikubali ile biashara ya "kadi iko wazi," yaani kadi yenye jina la mtu wa tatu na mkataba aliousaini zamani bila jina la mnunuzi. Umiliki ubadilishwe sasa hivi, na muuzaji awajibike kwa maandishi mpaka kadi itoke kwa jina lako.

Yadi nyingi hutoa "waranti ya injini na giaboksi miezi 3." Uliza kama inagusa springi za hewa, vioo vya umeme, skrini na kiyoyozi, maana kwenye magari haya hivyo ndivyo vinavyofilisi. Uliza pia gereji gani itafanya kazi hiyo. Funguo ziwe 2. Ufunguo wa pili wa Benzi si wa kuchonga pale Kariakoo.

Ile yadi ya kokoto chini ya mwembe tulinunua. Kadi halisi ilikuwa kwenye faili, pamoja na karatasi ya mnada ya 4, yenye W moja kwenye mlango wa nyuma ambayo kijana alishanionyesha kabla sijaiona. Gasketi ya ile kava waliibadilisha kwa gharama yao kabla hatujalichukua, na kilichotolewa wakatuwekea kwenye mfuko wa nailoni ili tukione. Aliyelipa ni mjomba. Range Rover alishaiuza, akimweleza mnunuzi kila kitu, na akapata hasara yake kamili. Kahawa pale hawana. Kuna mama hupitisha chai na vitumbua kuanzia saa 3, na unalipa mwenyewe.